Mgeni wa Siku Moja na Wenyeji wa Amsterdam

Mwaka 2024 uongozi wa Jiji la Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, ulitangaza uamuzi ambao kwa mtazamo wa haraka ungeweza kudhaniwa kuwa ni jambo dogo la bandari ya mbali lisilotuhusu. Ulitangaza kwamba safari za meli za kitalii za mtoni zinazotia nanga mjini humo, ambazo mwaka 2023 zilipita 2,000, zitapunguzwa hatua kwa hatua hadi zisizidi 1,150 kwa mwaka ifikapo 2028. Mwaka huo huo likatangazwa na jambo jingine: hoteli mpya haitaruhusiwa kujengwa ila pale ambapo hoteli ya zamani imefungwa, na hata hapo idadi ya vitanda isiongezeke.

Si jambo la kawaida mfanyabiashara kumwambia mnunuzi kwamba wanunuzi wamezidi. Na Amsterdam ni mji wa wafanyabiashara tangu asili yake; umeuza viungo, nafaka, mbao, sukari, almasi na hisa za makampuni, na katika miaka ya karibuni umejiuza wenyewe. Kwa hiyo unaposimama mlangoni na kusema "inatosha", hatuna budi kuuliza ni jambo gani lililoufikisha hapo. Tunaona kwamba ndani ya uamuzi huo limo swali linaloikabili miji mingi ya dunia, pamoja na miji ya pwani yetu: mji ni mali ya nani, ni ya wanaokaa humo au ni ya wanaopita?

Ili tulifahamu swali hilo vizuri, yafaa tuanze na safari yenyewe. Mto Rhine huanzia katika milima ya Alps huko Uswisi na kusafiri mwendo wa kilomita 1,230 hivi kabla ya kuingia Bahari ya Kaskazini. Kwa karne nyingi umekuwa njia ya makaa ya mawe, chuma, nafaka na mvinyo, na ungali hivyo mpaka leo. Lakini juu ya maji hayo hayo imestawi biashara nyingine, nayo ni ya kusafirisha watu wanaotaka kutazama. Aghalabu safari huanzia Basel, mahali Uswisi, Ufaransa na Ujerumani zinapokutana, ikachukua takriban juma moja, abiria wakipita Strasbourg, Koblenz na Cologne, wakitazama mashamba ya mizabibu na ngome za mabwana wa zamani zilizojengwa juu ya majabali.

Meli za namna hii, ambazo urefu wake hauzidi mita 135 ili ziweze kuingia katika malango ya maji, huchukua abiria wasiozidi mia mbili hivi. Wengi wao ni watu wazima waliostaafu, waliofanya kazi miaka mingi na kuweka akiba. Chakula, kitanda na viongozi wa matembezi vimekwisha kulipiwa kabla abiria hajaondoka kwao. Meli nyingi zimeandikishwa Uswisi au Malta, na wahudumu wake hutoka nchi nyingi, hususan Ulaya ya Mashariki na Ufilipino. Wakati mwingine mto wenyewe hukataa. Mwaka 2018 ukame ulipouma, kipimo cha maji cha Kaub nchini Ujerumani kilisoma sentimita 25 tu, na mwaka 2022 hali ikakaribia kuwa vile vile. Katika miaka hiyo makampuni kadhaa yalilazimika kuwashusha abiria na kuwamalizia sehemu ya safari kwa basi.

Mto ukiwa na maji ya kutosha, meli huingia Uholanzi, ikapita katika mfereji mkubwa wa kilomita 72 uliofunguliwa mwaka 1952 kuunganisha Rhine na Amsterdam, na kwenda kutia nanga nyuma ya Stesheni Kuu ya reli ya mji huo. Hapo ndipo safari inapokoma.

Siku ya mwisho ya safari kama hii ina desturi zake. Masanduku huwekwa nje ya mlango wa chumba mapema. Baada ya kifungua kinywa, abiria hugawanywa katika makundi, kila kundi na kiongozi wake aliyeinua kibao cha namba, wakaongozwa mpaka kwenye mashua zenye paa la kioo. Mashua huzunguka mifereji kwa muda wa saa moja hivi, huku sauti ikieleza kwa lugha kadhaa habari za madaraja na vilele vya nyumba. Wakishuka hupewa saa mbili tatu za kununua jibini, vitunguu vya maua ya tulipu na vigae vya rangi ya buluu na nyeupe. Mchana au alasiri basi huwapeleka kiwanja cha ndege cha Schiphol. Nyuma yao wahudumu wanabadili mashuka na kupiga deki, kwa kuwa jioni hiyo hiyo abiria wengine wataingia, na chombo kitageuza omo kuelekea mto juu.

Yafaa jambo hili litiliwe maanani. Kwa abiria, siku ile ni ya mwisho. Ameiona Amsterdam mara moja, pengine hatairudia maisha yake. Kwa mkazi wa ukingo wa mfereji, siku ile ni kama ya jana na kama ya kesho. Abiria hana kosa lolote. Amelipa, amekuja kwa heshima, ametazama, amekwenda zake. Uzito haumo katika mtu mmoja, umo katika hesabu.

Sasa tuutazame mji anaouona katika saa yake moja. Jina lenyewe lasimulia asili yake: ni ukingo uliojengwa kuzuia maji ya mto Amstel. Sehemu kubwa ya ardhi ya upande ule iko chini ya usawa wa bahari, na udongo wake ni tope na mboji. Jengo la matofali likisimamishwa juu ya udongo huo litazama. Wajenzi wa zamani wakapigilia nguzo ndefu za mbao mpaka zikafikia tabaka la mchanga mgumu, kisha wakajenga juu yake. Jumba kubwa la uwanja wa Dam, lililofunguliwa mwaka 1655 kuwa makao ya uongozi wa mji na kugeuzwa kasri ya mfalme mwaka 1808, limekalia nguzo 13,659. Nguzo hizo hazidhuriki sana maadamu zimezama majini; maji yakishuka na hewa ikazifikia, huanza kuoza. Kwa hiyo mji huu hauna ruhusa ya kulala. Usiku na mchana lazima wawepo watu wa kuangalia kimo cha maji.

Mwaka 1613 ndipo ilipoanza kazi ya kuchimba mifereji mikuu mitatu inayouzunguka mji wa kale mfano wa nusu duara: Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht. Mji ulikuwa unafurika watu. Karibu na mwaka 1600 walikuwa kiasi cha 60,000. Mwishoni mwa karne hiyo walikaribia 200,000. Mifereji haikuchimbwa ili ipendeze. Ilichimbwa ili kuondoa maji ardhini, kupata viwanja vya kuuza, na kuifikisha bidhaa mlangoni kwa tajiri. Mpaka leo juu ya nyumba nyingi pametokeza boriti yenye ndoano. Bidhaa ilifungwa kamba, ikavutwa kwa kapi mpaka darini, na dari ilikuwa ghala. Mwenye nyumba alilala chini ya mali yake. Mwaka 2010 UNESCO iliitia mifereji hiyo katika orodha ya urithi wa dunia, na ilistahili.

Lakini bidhaa ile ilitoka wapi? Hapa ndipo mashua nyingi za kioo hupita kwa haraka, na hapa ndipo sisi tunapotaka kusimama kidogo.

Mwaka 1602 Waholanzi waliunda Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, na Amsterdam ikawa na sauti kubwa kuliko miji yote katika kampuni hiyo. Mwaka 1621 ikafuata Kampuni ya Uhindi ya Magharibi, iliyopewa Atlantiki, na biashara ya watumwa ikawa moja ya kazi zake. Nyuma ya lile jumba la Dam, juu ya ukuta, imechongwa sanamu ya mabara yanayouletea mji mazao yake. Mchongaji aliita zawadi. Historia ina jina jingine. Mwaka 1683 Jiji la Amsterdam lilipata theluthi moja ya umiliki wa shirika lililotawala koloni la Suriname. Hawakuwa wafanyabiashara peke yao, ila Jiji lenyewe, kwa fedha na mihuri yake, lilikuwa na hisa katika nchi iliyolimwa na watumwa. Na katika Herengracht, nyumba namba 502, ambayo leo ni makazi rasmi ya meya, ilijengwa kwa ajili ya Paulus Godin, mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Magharibi, mtu aliyefanya biashara ya watumwa. Mwaka 2006 mbele ya nyumba hiyo liliwekwa jiwe la kuikumbusha habari hiyo. Mgeni aliyemo ndani ya mashua, chini kwenye maji, si rahisi alione.

Habari hii haiko mbali na pwani yetu. Kati ya mwaka 1776 na 1778 meli za Kampuni ya Mashariki, zilizotumwa kutoka koloni lake la Rasi ya Tumaini Jema, zilifika katika pwani ya Waswahili, hata Unguja, kununua watu. Hatusemi haya kwa kujitakasa. Muuzaji alikuwapo kama alivyokuwapo mnunuzi, na insafu yataka tuseme hivyo. Uholanzi ilitangaza kukomesha utumwa katika Suriname na visiwa vyake vya Karibiani tarehe 1 Julai 1863. Wenye watumwa wa Suriname walilipwa fidia ya gilda 300 kwa kila mtu. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu, bali wengi wao walilazimishwa kuendelea na kazi chini ya usimamizi wa serikali kwa miaka 10 zaidi, mpaka 1873. Msomaji wa Unguja anaujua mwaka huo kwa sababu nyingine: ndio mwaka soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa.

Ni haki pia tuseme kwamba wenyeji wa Amsterdam hawakuiacha habari hii ifukiwe daima. Kwa juhudi za miaka mingi za watu wenye asili ya Suriname na visiwa vya Karibiani, meya wa jiji, Femke Halsema, aliomba radhi kwa niaba ya uongozi wa mji tarehe 1 Julai 2021. Waziri Mkuu Mark Rutte akafanya hivyo kwa niaba ya serikali tarehe 19 Desemba 2022, na Mfalme Willem-Alexander tarehe 1 Julai 2023. Leo zipo ziara za mifereji zinazoeleza habari hiyo bila kificho. Lakini ziara kama hiyo yataka mtu mwenye nafasi ya kusikiliza, wala haifanani na safari ya mtu anayetazama saa yake kwa kuhofia ndege.

Vivyo hivyo kuhusu nyumba namba 263 ya Prinsengracht. Humo ndimo msichana wa Kiyahudi, Anne Frank, alimojificha pamoja na jamaa zake tangu Julai 1942 mpaka walipokamatwa Agosti 1944. Katika Wayahudi 140,000 hivi waliokuwa Uholanzi, zaidi ya 100,000 waliangamizwa. Nyumba hiyo ni makumbusho tangu mwaka 1960, na kwa mwaka huingia watu wanaopindukia milioni moja. Tikiti huuzwa kabla, kwa saa maalumu. Abiria wa siku ya mwisho asiyekuwa nayo huiona nyumba ile kwa nje, mashua ikipunguza mwendo, kamera zikiinuliwa, na kisha daraja linalofuata. Twauliza: je, huko ni kuona? Hasara ya biashara hii ya haraka haimwangukii mwenyeji tu. Hata mgeni hupunjwa, kwa maana ameuziwa mji akapewa sura yake.

Tukiwageukia wenyeji, hesabu zenyewe zasema. Amsterdam ina wakazi zaidi ya 900,000. Mwaka 2024 usiku uliolaliwa na wageni katika mji huo ulipita milioni 22, mbali na wale wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Duka la mkate likifungwa, hufunguliwa la peremende na vikumbusho, kwa kuwa mgeni hanunui unga wala sabuni. Nyumba ya kupanga ikiachwa wazi, mwenye nyumba hupiga hesabu ya usiku badala ya hesabu ya mwezi. Kijana aliyezaliwa katikati ya mji huenda kutafuta chumba pembezoni. Hakuna aliyemfukuza kwa fimbo. Bei ndiyo iliyomfukuza.

Wenyeji hawakukaa kimya. Zaidi ya wakazi 30,000 walitia saini wakidai uwekwe mpaka, na mwaka 2021 baraza la jiji likapitisha sheria ndogo: usiku wa wageni usizidi milioni 20 kwa mwaka, na ukifika milioni 18 uongozi uwajibike kuchukua hatua. Kabla na baada ya hapo hatua nyingi zilifuatana. Zile herufi kubwa zenye jina la mji mbele ya makumbusho ya taifa, ambapo maelfu walipanga foleni ya kupigwa picha, ziliondolewa mwaka 2018. Mwaka 2019 mtu alizuiwa kupangisha nyumba yake kwa wageni zaidi ya siku 30 kwa mwaka. Mwaka 2020 makundi ya kuongozwa katika mji wa kale yaliwekewa kikomo cha watu 15. Mwaka 2024 kodi ya malazi ikapandishwa kufikia asilimia 12.5 ya bei ya chumba, na mabasi makubwa ya watalii yakazuiwa kuingia katikati ya mji. Meli kubwa za baharini nazo zimetakiwa zipungue kutoka 190 hadi 100 kwa mwaka kuanzia 2026, na gati lao la mjini liondoke ifikapo 2035.

Hatua hizo ni nyingi, na bado milioni 20 zimevukwa. Mwaka 2025 baadhi ya wakazi waliamua kuupeleka uongozi wa jiji mahakamani kwa kutotekeleza ahadi yake wenyewe. Hapa pana funzo ambalo wenye kupanga mambo hawana budi kulizingatia. Sheria inayosema "tutachukua hatua tukifika mahali fulani" ni dhaifu kuliko ile inayosema "hapa hapavukwi". Hoteli zilizokwisha kupewa kibali zilijengwa. Vitanda vilivyokwisha kuwekwa vilitafuta wa kuvilalia. Mpaka uliwekwa baada ya nyumba kujaa. Na kumwambia mgeni atoke ni kazi nzito kuliko kutomwita.

Kuhusu meli za mtoni, iko hoja ambayo yapasa isikilizwe. Wenye makampuni husema kwamba wateja wao ni watu wapole, hawapigi kelele usiku, na wanalala ndani ya chombo, hivyo hawachukui nyumba ya mtu. Hayo ni kweli. Husema pia kwamba viongozi wa matembezi, wenye mashua za mifereji, madereva na wauza jibini hupata riziki kwao. Hayo nayo ni kweli, na anayedharau riziki ya mtu hastahili kuongoza mji. Lakini yule aliyelala na kula chomboni amekwisha kuiacha sehemu kubwa ya fedha zake kwa mwenye meli kabla hajatia mguu ufukweni. Mji humpa maji ya kupita, gati, barabara, madaraja, usafi na historia ya miaka 400. Yeye huupa mji kodi ndogo na bei ya vikumbusho. Mizani hiyo haijakaa sawa. Tena meli iliyozuiwa Amsterdam yaweza kwenda kutia nanga katika mji jirani na kuleta abiria wale wale kwa basi. Kwa hiyo kupunguza meli bila miji jirani kusemezana ni kuhamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine.

Na mzigo wenyewe si wa maneno. Amsterdam ina kiasi cha kilomita 200 za kuta za kingo zinazohitaji kuchunguzwa na kutengenezwa, na madaraja mamia. Nyingi zilijengwa kubeba mikokoteni na farasi. Leo hupitiwa na magari mazito, na chini yake rafadha za mashua huchimbua udongo. Tarehe 1 Septemba 2020 ukuta wa ukingo wa mfereji wa Grimburgwal ulibomoka na kuanguka majini, muda mfupi baada ya mashua ya watalii kupita. Kwa rehema za Mungu hapakufa mtu. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mji huu, wenye fedha na wahandisi wa kusifika, sasa unajenga ukuta, mtaa kwa mtaa, na kazi hiyo itachukua miaka mingi na fedha nyingi mno. Mgeni aliyepiga picha ya ukingo ule hataitwa kuchangia.

Miezi minne isiyotimia baada ya ukuta wa Grimburgwal kuanguka, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 mbele ya bahari ya Unguja, ilianguka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe nao umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Nao hupokea meli za watalii ambazo abiria wake hushuka asubuhi, wakazunguka katika vichochoro, wakatazama milango ya nakshi, wakanunua karafuu, na jioni wakarudi kula chomboni. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Hatusemi kwamba Unguja ni Amsterdam. Wao wanapunguza kutoka katika shibe. Sisi bado tunahesabu ajira moja moja, na kijana anayepata kazi ya kuongoza wageni ni msaada kwa ukoo mzima. Lakini uzuri wa kuwa nyuma ya msafara ni kuona mahali aliyetangulia alipojikwaa.

Tena swali hili si geni kwetu. Mwaka 1970, katika kurasa za gazeti la The Standard la Dar es Salaam, ulizuka mjadala mkali juu ya utalii, ulioanzishwa na vijana wa TANU wa tawi la Chuo Kikuu. Wengine walisema utalii utaleta fedha za kigeni, barabara na kazi. Wengine walisema fedha hizo zitarudi zilikotoka na kutuachia utumishi. Mwaka 1973 hoja hizo zilikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji. Wapo waliosema wakati ule kwamba vijana wale wanafanya mchezo wa nadharia. Nusu karne baadaye, wakazi wa moja ya miji tajiri ya Ulaya, wasio na haja yoyote ya nadharia za Dar es Salaam, wamekuwa wakiuliza maswali yale yale mbele ya baraza lao: nani anapata, nani anabeba, nani anaamua.

Kwa mila zetu mgeni ni baraka. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini waliosema hivyo ndio waliosema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake si kumtesa. Maana yake ni kwamba anayekula chunguni aijue pia kazi ya shamba. Tatizo la mgeni wa siku moja ni kwamba siku ya tatu haimkuti. Jembe hatuwezi kumpa. Basi lazima jembe lake lilimwe kwa njia nyingine: kwa ada ya haki inayokwenda moja kwa moja katika ukarabati wa kuta na nyumba alizokuja kuzitazama, kwa idadi inayojulikana kabla meli haijang'oa nanga, na kwa sauti ya wenyeji kusikilizwa wakati mkataba unapoandikwa, isingoje ukuta uanguke.

Hatulaumu anayetaka kuuona ulimwengu. Kusafiri ni elimu, na mtu aliyefanya kazi maisha yake yote ana haki ya kupita chini ya madaraja ya Amsterdam hata kama ni kwa saa moja. Wala hatuukejeli mji ule kwa kuwa mpaka wake umevukwa. Angalau umeuandika, ukautangaza, na wananchi wake wana karatasi ya kwenda nayo mahakamani. Miji mingi haina hata karatasi hiyo.

Wahenga walionya kwamba chovya chovya yamaliza buyu la asali. Mwenye buyu ndiye anayepaswa kujua limebaki kiasi gani, tena ajue mapema. Wenye dhamana ya miji yetu ya pwani, kabla ya kutoa kibali cha gati jingine au hoteli nyingine, na wafanye kwanza kazi ambayo Amsterdam inaifanya sasa kwa taabu: wahesabu wakazi, wahesabu wageni, wakague kuta, kisha waseme hadharani ni wangapi wanaotosha.